Sanduku la Jirani

Kusini mwa Maniema, katika nchi ya Kasongo na Kabambare, yako maandishi ya zamani ya namna mbili. Ya kwanza ni yetu: daftari za ubatizo na za ndoa, vitabu vya hesabu, na habari za kila siku zilizoandikwa na Mapadre Weupe, kwa kuwa mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliagiza kila nyumba ya misheni iandike mambo yaliyotukia humo. Ya pili si yetu. Ni vitabu na barua za Waislamu, vilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, vingine kwa Kiarabu chenyewe, vingine kwa Kiswahili, navyo hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana na kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi. Mtu akitaja elimu ya Kiislamu katika Maniema, kijiji cha Lusangi hakikosi kutajwa.

Mchwa hula maandishi ya namna zote mbili. Mvua ikivuja hulowesha ya huku na ya huko. Basi leo twataka kuuliza swali moja: Je, Mkristo ana wajibu wo wote wa kusaidia kutunza maandishi ya jirani yake Mwislamu? Na kama anao, watoka wapi, nao wafika mpaka wapi?

Twajua kwamba wengine watasema, "Swali hili ni la watu walioshiba. Barabara zetu mbaya, dawa haba, watoto hawana madaftari ya shule, nanyi mwatuletea habari za karatasi kuukuu!" Neno hilo si la kupuuzwa. Mwenye njaa alishwe kwanza. Walakini hatuombi hapa fedha ya dawa. Twaomba uangalifu, na uangalifu hauna bei kubwa. Tena mtu haishi kwa siku ya leo tu. Mtoto akisha kula na kupona, huuliza, "Sisi ni nani, na wazee wetu walifanya nini?" Swali hilo laweza kujibiwa kweli au laweza kujibiwa uongo.

Tutazame kwanza jinsi maandishi hayo yalivyopata kuwapo. Waarabu na Waswahili walipofika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, hawakuleta nguo na bunduki tu. Walileta kalamu pia. Biashara yao ilitoka Unguja mpaka mto Lualaba, safari ya miezi mingi, wala haikuwezekana bila barua: nani adaiwa, pembe ngapi zimetumwa, mgeni gani aachiwe njia. Hamed bin Muhammad el Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip, aliyekaa Kasongo na kutawala nchi kubwa, aliandika mwenyewe habari za maisha yake kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode alizichapisha mwanzoni mwa karne ya 20, na Tippu Tip mwenyewe akafa Unguja mwaka 1905.

Kisha vikaja vita vya 1892 hadi 1894. Majeshi ya Dola Huru la Kongo, chini ya Dhanis, yaliingia Nyangwe mwezi wa Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka ule ule. Barua nyingi za Waarabu na Waswahili ziliangukia mikononi mwa maofisa, zikavuka bahari, zikawekwa katika nyumba za maandishi za Ubelgiji. Huko zilikaa muda wa miaka mia na zaidi. Vitabu vya maofisa vilisomwa sana. Barua za wale walioshindwa, wachache tu waliweza kuzisoma. Mwaka 2020 Xavier Luffin, mwalimu wa chuo kikuu cha Brussels, alitoa kitabu kizima juu ya barua hizo za Kiarabu na Kiswahili za miaka ya 1880 hadi 1899. Hata hapo, ndipo watu wengi walipofahamu kwamba yule aliyeshindwa naye alikuwa amesema maneno yake, na ya kwamba maneno hayo yalikuwapo siku zote.

Haya si maneno ya watakatifu. Biashara iliyoandikwa humo ilikuwa ya pembe, na ilikuwa ya watu pia. Lakini hilo ndilo linalofanya swali letu liwe zito. Tukitaka kulijibu vema, na tutoe mfano mmoja uliotoka katika nchi hii hii.

Daudi Livingstone, Mskoti, ambaye hakuwa Mkatoliki, alikaa muda mrefu mahali alipopaita Bambarre, ndipo Kabambare ya leo. Katika mwaka 1870 na mwanzo wa 1871 vidonda vya miguu vilimzuia pale miezi mingi. Aliyemwuguza na kumpa chakula alikuwa mfanya biashara Mwislamu, ambaye katika vitabu vyake amwita Mohamad Bogharib. Karatasi zikamwishia, na wino pia. Basi alipofika Nyangwe mwaka 1871 aliandika juu ya gazeti kuukuu la Kiingereza, akipitisha mistari yake juu ya maneno yaliyopigwa chapa, kwa wino wa matunda ya mwituni.

Kwa wino huo aliandika mambo ya tarehe 15 Julai 1871. Siku hiyo watu wa mfanya biashara Dugumbe waliwapiga bunduki watu waliokuja sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake. Wengine waliuawa pale pale, wengine walizama mtoni wakikimbia. Waliokufa walikadiriwa kuwa 300 hadi 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliwachoma watu moyo, nayo ilisaidia kuwafanya wakazane mpaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873.

Mwaka 1874, Livingstone akiwa amekwisha kufa, habari zake zilichapishwa katika kitabu. Zile karatasi za gazeti zilibaki, wino ukafifia, mpaka jicho la mtu likashindwa kuzisoma. Mtu mwenye pupa angalisema, "Zitupwe, kitabu si kimekwisha kuchapwa?" Lakini hazikutupwa. Zilitunzwa Skotlandi. Karibu na mwaka 2010 wataalamu walizipiga picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali, hata ile isiyoonekana kwa macho yetu. Kwa kuwa wino wa matunda na wino wa gazeti haziipokei mianga hiyo kwa namna moja, waliweza kuufifisha ule wa gazeti na kuuonyesha ule wa Livingstone. Mwaka 2011 wakatangaza waliyoyasoma.

Ndipo ikaonekana kwamba kitabu cha 1874 hakifanani kila mahali na karatasi. Livingstone mwenyewe, alipoyahamisha maneno yake katika daftari kubwa, alibadili mengine, na hasa habari za watu wa msafara wake, ambao katika karatasi ya kwanza waonekana wakorofi kuliko katika kitabu. Hatusemi kwamba mzee yule alikuwa mwongo. Twasema kwamba kila mtu, akisimulia jambo mara ya pili, hupenda kulinyosha kidogo. Alifanya hivyo mtu aliyejulikana kwa kupenda haki, tena katika jambo alilolisema kwa ajili ya haki. Karatasi ya kwanza peke yake haikujua kunyosha.

Hapo twapata jibu la kwanza. Karatasi ya zamani ni shahidi. Haipendezi wala haichukizi kwa hiari yake; imeshika yale iliyoandikiwa. Amri ya nane yatukataza ushahidi wa uongo. Je, yule anayemwacha shahidi afe kwa kusudi, kwa kuwa ajua kwamba maneno yake hayatampendeza, ameitimiza amri hiyo? Hakusema uongo, ni kweli. Lakini amefunga mlango ambao ukweli ungeingilia. Baba Mtakatifu Leo XIII alilifahamu jambo hili. Mwaka 1881 aliwafungulia wataalamu nyumba ya maandishi ya Vatikani, na katika barua yake ya mwaka 1883 aliwafundisha waandishi wa historia kwamba wasithubutu kusema uongo, wala wasiogope kusema kweli. Alijua wazi kwamba katika makabati yale hayakuwamo mambo ya kuwasifu mapapa tu.

Kama hivyo ndivyo ilivyo kwa maandishi yetu, haiwezekani iwe vingine kwa maandishi ya jirani. Hakimu asikilizaye shahidi wa upande mmoja tu si hakimu. Historia ya Maniema ikiandikwa kwa shajara za misheni na taarifa za maofisa tu, hata kama kila neno lililomo ni la kweli, itakuwa na upungufu, na upungufu huo utatudanganya.

Sasa linakuja pingamizi la pili, nalo latoka kwa watu wema. Wasema, "Mtaguso wa Pili wa Vatikani, tarehe 28 Oktoba 1965, katika tamko juu ya dini zisizo za Kikristo, uliwahimiza Wakristo na Waislamu wayasahau yaliyopita na kujitahidi kuelewana. Nanyi mwataka kuyafukua! Barua za utumwa na vita zitaleta nini ila chuki? Waacheni mchwa wafanye kazi ya amani."

Twajibu hivi. Kusahau alikotuhimiza Mtaguso ni kusahau kwa moyo, yaani kuacha kudaiana kisasi. Si kusahau kwa akili. Kila Mkatoliki aijua njia ya Kitubio: kabla ya kuondolewa dhambi, mtu huchunguza dhamiri yake, akazitafuta moja moja, akazisema. Padre hamwambii, "Usizitafute, zitakuletea huzuni." Msamaha hauji juu ya jambo lisilojulikana. Na watu wa nchi wakikosa maandishi yao, wafanya nini? Waendelea kuungama, lakini huungama dhambi za jirani tu. Mkristo atakumbuka utumwa, na Mwislamu atakumbuka jinsi alivyodharauliwa, kila mmoja kwa masimulizi ya nyumbani mwake, nayo huongezeka kila mwaka. Chuki haihitaji karatasi. Yaishi vizuri sana bila karatasi.

Nasi pia tunalo la kuungama. Tarehe 26 Mei 1906 ulifanywa mkataba kati ya Kiti Kitakatifu na Dola Huru la Kongo, na kwa njia yake misheni zetu zilipata ardhi na shule. Chuo cha Kurani hakikupata msaada wa namna hiyo. Watoto wetu walifundishwa kusoma, nao wakawa makarani. Mtoto wa Lusangi aliyejua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu alihesabiwa kuwa hajui kusoma. Twasema haya bila kuwadharau mapadre wa zamani, ambao wengi walikufa kwa ajili ya watu hawa. Lakini mtu aliyefundishwa kwamba herufi alizoandika babu yake si maandishi, atatunzaje vitabu vya babu yake? Kama leo baadhi ya vitabu hivyo vimeoza, lawama si ya mchwa peke yao.

Tumekwisha kusema kwamba yatupasa kusaidia. Bado swali la kusaidia kwa njia gani, na hapo ndipo wema wengi hukosea.

Tuseme kuna mzee mwenye sanduku la vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Paa lake lavuja. Anakuja mtu wa mbali, mwenye elimu na nia njema, amwambia, "Mzee, nipe vitabu hivi nivipeleke mahali pakavu, penye makabati ya chuma, hapa vitakufa." Mzee akataa. Je, yule mtu aweza kuvichukua kwa hila, au kwa nguvu ya serikali, kwa ajili ya kuviokoa?

Twasema hawezi. Kwanza, kwa sababu kitabu ni mali ya mtu au ya jamaa, na amri ya saba haikuweka ruhusa kwa wataalamu. Pili, kwa sababu nchi hii imekwisha kuona karatasi zake zikienda: barua za Kasongo zilikwenda na vita, na kabla ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 sehemu kubwa ya maandishi ya serikali ya kikoloni ilipelekwa Ubelgiji. Yaliyopelekwa yametunzwa vema, hilo hatulikani. Lakini mwana wa Maniema atakaye kuyasoma hana budi kupata pasi na nauli ya ndege. Shahidi amepona, bali amewekwa mahali ambapo watu wake hawawezi kumsikia.

Walakini mzee naye asiseme, "Ni changu, hata nikikichoma." Kitabu alichokirithi alikipokea kutoka kwa waliokufa kwa ajili ya watakaozaliwa. Yeye ni mwenye amana. Neno hili amana Waislamu na Wakristo wa nchi hizi walijua sawasawa, wala hahitaji mtu kufasiriwa: mwenye amana hauzi, haharibu, wala haachi kwa uvivu kitu kioze.

Kwa hiyo njia ya haki iko katikati. Kitabu kikae kwa wenyewe, na wenyewe wasaidiwe kukitunza. Kipigwe picha kwa ruhusa yao, na picha ziwekwe mahali pawili au patatu mbalimbali, na nakala moja isikose kubaki hapo hapo kijijini. Hapo moto au vita vikija, neno halifi lote. Tumeona mfano wake Timbuktu, katika nchi ya Mali. Mwaka 2012 watu wenye silaha walipouteka mji ule, jamaa wenye vitabu na watunzaji wao waliondoa maelfu na maelfu ya vitabu kwa siri, katika masanduku ya bati, kwa gari na kwa mashua, mpaka Bamako. Vingine vilivyobaki vilichomwa moto mwezi wa Januari 2013. Waliookoa vile vingi walikuwa wenye vitabu wenyewe, waliovipenda kwa sababu vilikuwa vyao. Nasi huku twajua maana ya kuporwa: uasi wa 1964 na vita vya 1996 hadi 2003 vilipita katika nchi hizi, na nyumba nyingi za misheni hazikusalimika.

Limebaki swali la aibu. Tuseme katika sanduku yumo mtu aliyeuzwa, jina lake na bei yake, na wajukuu wake waishi katika kijiji kile kile pamoja na wajukuu wa aliyemnunua. Au katika daftari yetu ya ubatizo imeandikwa kwamba baba wa fulani hajulikani. Je, karatasi hiyo nayo itunzwe?

Itunzwe. Lakini kutunza si kutangaza. Padre hutunza daftari, wala hazisomi mimbarani. Yako mambo ambayo hayana budi kungoja mpaka wanaohusika wamelala kaburini, na yako mengine ambayo wajukuu waulizwe kwanza. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yaagiza vitabu vya zamani vya parokia vitunzwe kwa uangalifu, na kila jimbo liwe na mahali pa maandishi ya historia. Na sheria hiyo hiyo yajua kwamba kuna kabati lenye ufunguo. Busara ya ufunguo ni kitu kimoja, na moto ni kitu kingine. Ufunguo wasema, "Bado." Moto wasema, "Kamwe." Nani amempa mmoja wetu mamlaka ya kusema kamwe kwa niaba ya watu wasiozaliwa? Tena tukumbuke kwamba kwa mtumwa wengi, mstari ule mmoja wa bei ndio mahali pekee duniani palipoandikwa jina lake. Ukiichoma karatasi kwa kuona haya, humwondolei aibu yake yeye. Wamwondoa yeye mwenyewe.

Sasa neno kwa wale watakaosema, "Tumesadiki, tufanye nini?" Mengi hayahitaji mtaalamu. Sanduku liinuliwe kutoka chini na lisigusane na ukuta, kwa kuwa mchwa hupanda ukutani na unyevu hutoka ardhini. Vitabu visifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, maana hutoa jasho na kuota kuvu. Bora kitambaa safi cha pamba, au boksi la karatasi ngumu. Kitabu kilicholowa kisianikwe juani. Kikaushwe kivulini penye upepo, na karatasi safi kavu zitiwe kati ya kurasa. Ukurasa uliopasuka usibandikwe selotepu, kwa kuwa gundi yake hugeuka manjano na kuula. Dawa ya wadudu isipulizwe juu ya maandishi. Mikono iwe safi na mikavu. Namba ikiandikwa, iandikwe kwa kalamu ya risasi. Wala mtu asivipange upya vitabu kwa kupenda kwake. Jinsi vilivyowekwa na mwenyewe nayo ni habari. Mwisho, iandikwe orodha: vingapi, vya nani, vyahusu nini. Kitu kisicho na orodha hupotea, na hakuna ajuaye kwamba kimepotea.

Twaomba wasomaji wetu waanze nyumbani. Wazee wa parokia wafungue kabati la daftari, watazame pembe za chini, wafute vumbi. Tukishindwa kutunza ya kwetu hatutakuwa na uso wa kumshauri mtu. Kisha, mwenye rafiki Mwislamu mwenye sanduku la babu yake amwulize, kwa heshima, kama paa lavuja. Asiombe kuonyeshwa vitabu siku ya kwanza. Amsaidie kuezeka.